Kikwembe cha Matanga Mu Bisi ya Parki

Mwenye hakunisoma juma lililopita asikilize mbio, sitarudilia. Muke wangu Godelive alikufa wakati wakubwa wa hospitali wanaulizana nani iko na funguo ya ambulansi. Tukamuzika kwao, Mahagi. Udongo wa kaburi ulikuwa ungali mubichi, mama mukwe Priscille akashika mutoto wangu Christella, wa miaka saba, akamuweka nyuma ya mugongo wake.

"Usirudie hapa peke yako sawa mwizi," akaniambia mbele ya watu. "Siku utakuja na batu yako, bamevaa hii kikwembe ya leo, tutaondoa matanga na utachukua mutoto. Bila batu, hakuna mutoto."

Watu niwatoe wapi? Mimi ni wa Tchomia. Vita ilimwaga ndugu zangu kama mutu anavyomwaga maji ya kuoshea vyombo. Wamoja wako ng'ambo ya ziwa, wamoja ku kambi ya wakimbizi, wamoja chini ya udongo. Nilibaki na kikundi chetu cha kusaidiana cha mutaa wetu, kartye Lumumba, kile tunaita mutuelle. Wao ndio walinunua kikwembe cha matanga ya Godelive: kitenge cha bluu, na njiwa weupe. Nikaenda kwa prezida wao, Papa Mbusa, muuza mabati. Nikapiga magoti kabisa, nikaomba mufuko wa kikundi ulipe bisi ya kupeleka watu Mahagi.

"Kese haina kitu, Liévin," akanijibu. "Matanga yako tulishamaliza."

Yangu. Si yao. Mutu huyo hata kaburini hakufika, alituma wamama wachache na sanduku la maiti, yeye akabaki kuuza mabati.

Pale ndipo niliwaacha juma lililopita, nyiye wasomaji.

Mwezi haukuisha, kese ile isiyo na kitu ikapata kitu.

Ilikuwa siku ya mukutano, nyumbani kwa Mbusa. Mimi nilikuwa uani, nachoma michopo ya mbuzi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mbusa akasimama mu salon na mikrofoni. Watu wote walitosha mu chumba kimoja, na bado anataka mikrofoni.

"Ba membre bote, nisikieni! Wikendi hii inakuja tunatembea! Tutavuka mupaka ya Mahagi, tutaingia Uganda, tutaenda ku parki kuona tembo na twiga! Tutalala kule kule, tutarudi dimanshi!"

Vigelegele. Watu wanalala chini ya mahema yaliyopasuka ku kambi, siye twende kuangalia twiga. Hao ndio wakubwa wetu. Mutu akikufa, kese inakauka. Twiga akipiga chafya, kese inavimba.

Mama Espérance, makamu wake, akanyoosha mukono. "Prezida, na inifomu? Tutavuka mupaka kila mutu na nguo yake, sawa batu wanakimbia?"

"Tutavaa ile ya mutuelle."

"Ile ya njiwa? Ile ya matanga ya Godelive?"

"Kwani Godelive njo aliinunua? Iko kikwembe ya mutuelle. Twiga hatauliza."

Wakacheka. Na mimi niko pale, mulango wazi, moshi wangu unawaingilia mu pua. Hakuna hata mumoja aliyegeuza shingo.

"Na chakula, Prezida?"

"Liévin atapika. Liévin! Utaenda na siye, utachoma nyama. Unasikia?"

"Nasikia, Papa Prezida."

Nilisikia kuliko vile alisema. Bisi nzima ya watu, wote wamevaa kikwembe cha njiwa, inapita Mahagi. Na nyumba ya mama mukwe iko kando ya barabara ile ile, kabla ya kufika mupaka. Nilisahau kugeuza nyama, ikaungua upande mumoja. Mbusa akaila vile vile, akasema nimeongeza utamu.

Samdi ya wikendi ile, bisi ikatoka Lumumba na muziki. Miye nilikaa nyuma kabisa, katikati ya sufuria na gunia la makala.

"Mupishi, fungua dirisha, unanuka moshi!"

"Liévin, ukiona simba usimuchome, yeye ni wa kuangalia tu!"

"Mumuache, labda ataona muke kule. Hata tembo jike si mubaya!"

Hilo la mwisho alisema Mbusa mwenyewe. Nilicheka pamoja nao. Nilicheka mupaka mate ikatoka. Mutu mwenye anabeba kitu chini ya shati hacheki kidogo.

Ku kila baryeri, kizuizi cha maaskari, Mbusa alishuka, akaongea nao kwa sauti ya mwanakondoo, akapanda tena, akatutukana siye. Barabara ilikuwa mashimo tu. Wakubwa wa barabara nao, ukiwauliza, watasema ni mvua. Kila mwaka mvua ndiyo inakula makuta, zile feza za barabara.

Tulipokaribia Mahagi, jua lilikuwa limeanza kuinama. Nilitoka nyuma, nikapita nashika viti, nikafika kwa Mbusa.

"Papa Prezida, mbuzi ya ng'ambo iko bei kali. Hapa Mahagi najua nyumba moja banauzisha muzuri."

"Bei ya chini?"

"Chini kabisa."

Yule mutu, umwambie chini kabisa, ataingia hata mu shimo la choo kutafuta. Akapigia shofere kelele: "Rachidi! Utasimama pale mupishi atakuonyesha. Lakini mbio. Mupaka inafungwa saa kumi na mbili, haitangojea mutu."

Nikamuonyesha Rachidi. Akasimama mbele ya lupango, kiwanja cha mama mukwe, karibu agonge uzio.

Watu wakaanza kushuka kunyoosha miguu. Hiyo ndiyo nilikuwa nangojea. Bluu moja, bluu mbili, bluu bisi nzima, njiwa juu ya barabara.

Mama Espérance alikuwa kati ya wale waliokuja kuzika. Akasimama ku mulango wa bisi, akaangalia nyumba, akaniangalia.

"Liévin. Hapa si kwabo na Godelive?"

"Shuka, mama. Miguu itavimba."

"Liévin, unafanya nini?"

"Nanunua mbuzi."

Mama mukwe Priscille alitoka na kikapu cha mihogo. Akaona bluu. Akaona njiwa. Kikapu kikaanguka. Akaweka mikono yote miwili ku kichwa, akatoa kilio kimoja kirefu, kuku wakakimbia.

"Bamekuja! Louis, toka! Batu ya Godelive bamekuja kuondoa matanga!"

Wamama wa lupango zote za pale wakatoka mbio na kilio. Na wanawake wetu, walikuwa wafanye nini? Mwanamuke wa kwetu akisikia kilio, chake kinatoka chenyewe. Mumoja alikuwa anajipiga video na miwani ya jua. Akaanza kulia na simu ingali inamushika sura. Rachidi akazima muziki. Mama Espérance, yeye, alianguka mu shingo ya mama mukwe, na hapo hakukuwa tena muchezo. Alikuwa rafiki ya Godelive tangu usichana.

Viti vikatoka, mikeka ikatoka. Shemeki Louis, kaka wa Godelive, akanikumbatia.

"Shemeki, nilisemaka utashindwa. Nilisemaka hauna mutu. Unirehemu."

Mbusa alinivuta kola mupaka nyuma ya bisi.

"Liévin, hii iko nini?"

"Matanga, Papa Prezida."

"Matanga ya nani?"

"Ya muke yangu. Ile mulishamaliza."

"Umetuiba! Umeiba bisi muzima!"

"Bisi iko pale. Na vikwembe, mulivaa benyewe."

Mishipa ya shingo ikamusimama. "Naenda kubaambia kweli sasa hivi. Nitasema siye tunaenda ku parki."

"Sema. Bamama bale bamelia mupaka makamasi. Baambie mulivaa kilio ya mutoto wabo juu ya kuenda kuangalia twiga. Mimi nitakimbia, niko mwepesi. Weye na ile tumbo, sijui."

Akachungulia. Vijana wa lupango walikuwa wanapasua kuni za kupikia wageni, shoka linapanda na kushuka. Akarudisha kichwa mbio.

Mama Espérance akatufikia, macho mekundu.

"Prezida, sema pole, omba mutoto, tuende. Iko mutoto ya Godelive. Siku anazaliwa, mimi njo nilimushika wa kwanza."

"Na mupaka?"

"Bado iko muda, ukisema kidogo."

Kumwambia Mbusa aseme kidogo! Akapangusa uso na kitambaa. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile ndilo nilipaswa kuliogopa. Nililiona kama ushindi.

"Unataka niseme, Liévin? Nitasema."

Walimupatia kiti chenye muto. Akakaa kama mutu aliyezaliwa juu yake. Kisha akasimama.

"Bazazi, bashemeki, mimi naitwa Mbusa. Mimi njo mukubwa wa hii batu yote. Tangu Godelive anaenda, usingizi sikuuona. Nilisema ku batu yangu: hapana, hatutaacha huyu mwanaume ateseke peke yake. Nikabakusanya bote. Nikabavalisha. Nikapanga bisi."

Makofi! Watu wa mutuelle wenyewe, wenye wanajua, walipiga makofi. Mimi nilikuwa natafuna ulimi.

"Munaona huyu Liévin? Mimi njo kaka yake mukubwa. Baba yake hayuko, mama yake hayuko. Mimi njo baba, mimi njo mama. Kitu yake yote inapita mu mukono yangu."

Yeye mutu wa Butembo, mimi mutu wa ziwa! Kaka wapi? Lakini ningesema nini? Uongo ulikuwa wangu. Yeye alikuwa anaupandishia tu mabati juu.

Mama mukwe alilia tena. "Kumbe Liévin iko na mukubwa! Weye mutoto, juu ya nini haukutuambia?"

"Nilikuwa namungojea, mama," nikajibu.

Kuku wakachinjwa, bugali ikaletwa. Rachidi anaangalia jua, Mbusa anaomba paja la pili. Halafu mulango wa nyumba ukafunguka, wakamutoa Christella.

Walimupaka mafuta, walimuvalisha gauni jeupe. Alikuwa amerefuka. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, hata sikujua siku gani, nani aliyatupa, nani alimwambia asiogope damu. Nikasimama.

"Kaa," mama mukwe akasema.

"Mama, huyu mutoto..."

"Kaa, Liévin. Mutu ya matanga hapokee mutoto. Mukubwa yake njo anapokea." Akamugeukia Mbusa, sauti ikawa laini. "Papa, mimi huyu mukwe yangu namujua. Anachomaka nyama kando ya barabara, anarudiaka na usiku, mutoto atabaki na nani? Lakini weye uko na nyumba, uko na muke, uko na batu. Mutoto ya Godelive nitamuweka mu mukono yako. Atakaa kwako."

Nilitegemea Mbusa akatae. Mutu bahili vile, akubali kinywa kingine mu nyumba?

Mbusa akafungua mikono yote miwili.

"Mama, damu yangu haiwezi kupotea."

Wakamukabizi mutoto wangu mbele ya macho yangu. Mama mukwe akashika mukono wa Christella, akauweka mu mukono ule wa pete nyingi, akatemea mate kidogo juu ya kichwa cha mutoto, baraka. Watu wote: vigelegele. Mama Espérance peke yake hakupiga. Aliweka mukono ku kinywa.

"Na miye?" nikauliza.

"Weye unabaki," mama mukwe akasema. "Tunakunyoa sasa, unalala hapa, kesho asubuhi tunaenda misa. Vile njo matanga inaisha."

"Mama, bisi inaenda!"

"Iende. Si mukubwa yako iko ndani?"

Shemeki Louis alishaleta kigoda, beseni na wembe. Vijana wawili wakanikalisha kwa heshima, heshima ya kukandamiza mabega. Maji yakamwagika ku shingo. Wembe ukaanza upande wa kushoto.

Rachidi akapiga honi. Watu wa mutuelle wakapanda mbio, maana jua lilikuwa linaenda na mupaka wao unaenda nalo. Mbusa akaja kuniaga, mutoto wangu mukononi. Akainama ku sikio langu, kama kaka anayefariji.

"Ulitaka niseme. Nimesema."

"Papa Mbusa, nakuomba. Muchezo umeisha."

"Muchezo? Muke yangu Jeannine anatafutaka mutoto mwanamuke wa nyumba. Wa kuosha vyombo, wa kubeba mutoto wetu ku mugongo. Sasa nimepewa mbele ya mashahidi, na baraka juu."

"Iko mutoto yangu."

"Baambie. Simama ubaambie mimi ni nani. Mimi sasa niko na bisi, kukimbia ni kwako weye na kichwa nusu."

Akanyooka, akanipigapiga bega. "Kazana, ndugu yangu!" Hiyo ya mwisho alisema kwa sauti, wote wasikie.

Christella aliniangalia. Kisha akacheka, nikaona pengo la meno.

"Papa, kichwa yako iko sawa shamba banalima upande moja!"

"Ndiyo, mama yangu."

"Weye hauendi kuona tembo?"

"Nitakuja."

"Huyu papa mukubwa anasema kuko na twiga, na nitalala kwake, na iko televisheni."

Ningemwambia nini? Mutoto anacheka. Tangu mama yake kufa sikuwa nimemusikia akicheka. Nikamwambia: "Shika kiti muzuri, barabara iko mashimo."

Akapanda. Mbusa alimuweka dirishani, juu ya magoti yake, wote wawili bluu na weupe. Mama Espérance aliniangalia kutoka dirisha la nyuma, lakini hakushuka. Makamu wa prezida ni makamu tu. Bisi ikaondoka na mutoto wangu, na sufuria zangu zinagongana kule nyuma.

Mukono mudogo ulipunga mupaka vumbi likaufunika.

Louis aliendelea kunyoa. Kwaruza, suuza. Kwaruza, suuza. Wamama walikuwa wanakusanya sahani. Mutu angepita angeona matanga mazuri, yamefanyika vile inafaa.

Kisha wembe ukasimama.

"Shemeki."

"Naam."

"Ule mukubwa yako. Nilimusikiliza vile anaongea. Miye nilisomaka miaka mbili kule Butembo. Ule muzee ni mutu ya Butembo kabisa, si ya kufikia, ni ya kuzaliwa. Sasa weye na yeye, ni baba mumoja ao mama mumoja?"

Maji yakanitiririka mugongoni. Nikiwaambia kweli, Louis ana pikipiki, atafikia bisi kabla ya mupaka, atamutoa Christella mu mikono ya Mbusa. Na siku ile ile mama mukwe atajua niliwaletea watalii, kwamba nguo ya kilio cha binti yake ilikuwa njiani kuenda kwa wanyama. Mutoto yule nitamusikia tu kwa jina, mupaka kufa. Nikidanganya, nimetamuka kwa kinywa changu kwamba Mbusa ni damu yetu. Mutoto anavuka, na hakuna mahali pa dunia nitakaposhitaki.

"Shemeki, nakuuliza kitu kidogo tu," Louis akasema. Hakuwa tena anaita kama mutu anayecheka.

Mama mukwe aliweka chini sahani aliyokuwa anasuuza. Akaja, akapiga magoti mbele ya kigoda changu, akanishika kidevu na vidole vyenye maji, akanigeuza nimuangalie mu macho.

"Jibu, Liévin," akasema pole pole. "Bisi haijafika ku mupaka."